Kwenda Lawrence, Kansas kumfuata kocha Phog Allen: jengo nyota 5, mtembezaji wetu nyota 2

Wadau wa kikapu mlioko huku Marekani na nyie mnaopanga kuja, nimerudi juzi kutoka Lawrence na naandika hii ikiwa bado ya moto, maana kabla ya kwenda nilitafuta sana mtu aliyeandika kwa Kiswahili kuhusu kutembelea Allen Fieldhouse, ule uwanja wa ndani wa kikapu wa chuo cha Kansas, na ule ukumbi wa historia uliounganishwa nayo nikakosa kabisa, wote wanaandika NBA tu. Lawrence ni mji wa chuo, uko kama kilomita 60 magharibi ya Kansas City, na chuo chenyewe ni University of Kansas, kile ambacho James Naismith, yule aliyebuni mpira wa kikapu, alikuja kufundisha mwaka 1898 na akaishi mji huo mpaka anafariki.

Nilienda na mpwa wangu, ana miaka 16. Anacheza kikapu shuleni kwao na msimu wa riadha ukifika anaruka juu, na mwaka huu kuna mwalimu mmoja wa mazoezi ya kulipia amemwambia achague mchezo mmoja, akiendelea na riadha basi kikapu asahau. Hilo jambo limenikaa rohoni wiki kadhaa. Mimi sio kocha, siwezi kubishana na mtu wa fani yake, lakini nilikuwa najua kidogo habari za Phog Allen nikasema kabla kijana hajaamua chochote twende kwanza akaone alivyoishi mtu anayeitwa baba wa ukocha wa kikapu, halafu aamue mwenyewe.

Kwanza habari njema. Ukumbi unaitwa Booth Family Hall of Athletics, umeshikana na Allen Fieldhouse upande wa mashariki, na kuingia ni BURE. Hulipi hata senti. Pembeni yake kuna jengo jingine la kioo linaitwa DeBruce Center, lilifunguliwa 2016, huko ndo zipo zile karatasi zenyewe za sheria za kwanza za kikapu, na huko pia bure, unapita kwa daraja la ndani kutoka jengo moja kwenda jingine. Kulipia ni parking tu. Ndo maana nashindwa kuelewa kwa nini nilimlipa mtu atutembeze, ila nilidhani tukipata mwenyeji tutafaidi zaidi.

Huyu mtembezaji jina lake na la biashara yake siweki, hakutukosea adabu, alikuja kwa wakati na gari lake safi. Shida ni alivyopanga siku. Alitushusha moja kwa moja mlango wa Fieldhouse, akatuonyesha vikombe, akatupiga picha, akaanza Wilt Chamberlain, yule nyota wa kikapu aliyesoma hapo, akaja ubingwa wa 1952, akaja wachezaji wa sasa hivi, na nilipomuuliza je ule uwanja wa futiboli (ile ya Kimarekani, sio soka) tunaenda saa ngapi maana Allen alifundisha na futiboli pia, akaniambia huo ni wa futiboli hauhusiani na tulichokuja kuona. Hauhusiani! Yaani mtu anapokea hela kuelezea maisha ya kocha halafu anakata nusu ya maisha yenyewe. Nilinyamaza kwa sababu ya kijana, lakini alipomaliza masaa yake matatu tukaagana naye, tukarudi wenyewe kwa miguu kupanda mlima, na hiyo sehemu tuliyotembea wenyewe ndo ilikuwa bora kuliko zote. Kwa hiyo nitawaeleza kwa mpangilio ambao mimi ningeenda kama ningekuwa naenda leo, sio kwa mpangilio wake.

Anzia uwanja wa futiboli. Chuo kiko juu ya kilima kinaitwa Mount Oread, na uwanja, siku hizi unaitwa David Booth Kansas Memorial Stadium, uko chini ya mteremko upande wa kaskazini. Simama juu pale kwenye mnara wa kengele, Campanile, mnara wa kumbukumbu ya vita vya pili vya dunia wenye kengele 53, halafu angalia chini. Wahitimu wa chuo hiki huwa wanapita katikati ya huo mnara na kuteremka huo mlima mpaka uwanjani siku ya mahafali. Sasa huo uwanja umejengwa upya sehemu kubwa juzijuzi, unang'aa, lakini chimbuko lake ni msimu wa 1920, na kocha wa futiboli msimu huo alikuwa nani? Phog Allen. Msimu mmoja tu aliofundisha futiboli ya Kansas, alishinda 5, akapoteza 2, sare 1. Hiyo sare ndo stori yenyewe. Walicheza na Nebraska, wakubwa wa wakati ule, mapumziko wako nyuma 20 kwa 0. Mtu mwingine angesema tupunguze aibu tu. Mechi ikaisha 20 kwa 20! Watu walipagawa, na hamasa ile ndo ikasukuma mchango wa kujenga uwanja mpya wa zege badala ya majukwaa ya mbao ya McCook Field, wanafunzi na walimu wenyewe ndo waliyabomoa yale ya zamani kwa mikono yao, na mwaka 1921 uwanja mpya ukaanza kutumika, ukapewa jina la kumbukumbu ya watu wa chuo waliokufa vita vya kwanza vya dunia.

Sasa niambie kama hauhusiani.

Na sio futiboli peke yake. Kuanzia 1919 mpaka 1937 Allen alikuwa pia mkurugenzi wa michezo wa chuo kizima, yaani kila mpira, kila kiatu, kila ratiba inapita mezani kwake, na ni katika kipindi chake, mwaka 1923, yakaanzishwa mashindano ya riadha ya Kansas Relays, wazo likiwa la John Outland, na yalikuwa yanakimbiwa hapohapo kwenye huo uwanja kwa miaka mingi sana. Mpwa wangu aliposikia riadha akasimama. Akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo kocha wa kikapu ndo alikuwa anasimamia na riadha?" Nikamwambia ndio mjomba, na miaka ya arobaini, 1941 na 1942, akafundisha na besiboli ya chuo. Akakaa kimya akiangalia chini uwanjani. Sikutaka kuongeza neno.

Kutoka hapo unarudi kupitia Jayhawk Boulevard, barabara ya juu ya kilima, halafu unashuka na Naismith Drive mpaka Fieldhouse. Ni mwendo wa kama nusu saa kwa mtu anayetembea taratibu. Vaeni viatu vya maana, kile kilima sio cha mchezo.

Nje ya ukumbi kuna sanamu ya shaba ya Allen. Hapo ndo pa kukaa mkaongea alivyofika hapo, kabla hamjaingia ndani mkachanganywa na taa na skrini. Jina lake ni Forrest Clare Allen, kazaliwa 1885 Jamesport, Missouri. Hilo "Phog" halikutokana na kikapu hata kidogo, limetokana na besiboli: alikuwa refa wa besiboli mwenye sauti nene kama honi ya meli kwenye ukungu, na ukungu kwa Kiingereza ni fog, watu wakamwita hivyo, baadaye magazetini likaandikwa kwa Ph na likabaki. Kwa hiyo lile jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kule ndani ya uwanja wa kikapu, ambalo mashabiki wa timu nyingine wanaliogopa, lilizaliwa kwenye besiboli. Mtembezaji wetu hakulisema hili, na kusema kweli kuna wenyeji wengi tu niliowauliza siku ile hawalijui.

Mwaka 1905, bado hajatimiza miaka 20, alishiriki kuandaa mechi tatu Kansas City dhidi ya timu maarufu ya wakati ule, Buffalo Germans, wakaziita ubingwa wa dunia, na timu ya Kansas City iliyokuwa na yeye ndani ikashinda mbili kati ya tatu. Fikiria kijana wa umri huo anaalika mabingwa kutoka mbali, anatafuta ukumbi, anauza tiketi, halafu anaingia uwanjani kucheza. Baada ya hapo akacheza chini ya Naismith hapo Kansas. Inasimuliwa kwamba Allen alipoitwa kwenda kufundisha chuo cha Baker, Naismith akamwambia kikapu hakifundishwi, kinachezwa tu. Mwenye mchezo wake mwenyewe! Naismith alikuwa mtu wa elimu ya mwili na dini, alikuwa na shahada ya udaktari, ushindi haukumsumbua, na rekodi yake pale Kansas ni ushindi 55 na kufungwa 60, ndo kocha pekee wa timu hiyo mwenye kufungwa kwingi kuliko kushinda. Allen yeye aliamini kinafundishwa, akaenda Baker, akachukua na Kansas akiwa bado na Baker, akaenda na Haskell, ile shule ya Wahindi Wekundu iliyopo Lawrence hapohapo. Ndo zile zama za kocha mmoja kuwa na timu mbili za vyuo tofauti ndani ya msimu mmoja, leo mwanasheria wa chuo angezimia.

Halafu akaacha. Hii sehemu naipenda sana kuliko ushindi wote. Mwaka 1909 akaacha ukocha wa Kansas akaenda kusomea osteopathi, yaani tiba ya kutumia mikono kunyoosha viungo, misuli na mgongo, akahitimu 1912. Ndo maana wachezaji wake walimwita Doc. Akatoka hapo akaenda Warrensburg, Missouri, chuo cha walimu, huko akafundisha futiboli, kikapu na besiboli mpaka 1919. Ukiangalia haraka utasema kijana mwenye kipaji amepotezea miaka saba kwenye chuo kidogo. Mimi naona hiyo miaka ndo ilimtengeneza. Mtu anayetibu bega la mpiga besiboli mwezi wa nne, goti la mchezaji wa futiboli mwezi wa kumi, na kifundo cha mchezaji wa kikapu mwezi wa kwanza, na mara nyingi ni kijana yuleyule mmoja katika michezo yote mitatu, huyo anaujua mwili wa mchezaji kuliko kocha anayemuona miezi mitatu tu kwa mwaka. Baadaye hata wachezaji wa besiboli wa ligi kuu walikuwa wanamfuata Lawrence awatibu, na alipostaafu ukocha aliendelea na hiyo tiba.

Ndani ya Booth Hall sitawamalizia utamu, ingieni wenyewe. Niseme tu ni pasafi, pana mpangilio, hamna mtu anakusukuma, na michezo yote ya chuo imepewa nafasi, sio kikapu peke yake. Mzee mmoja aliyekuwa anapokea wageni alipomuona kijana anasoma taratibu alimsogelea akamuuliza anacheza namba gani, wakaongea kama dakika kumi hivi. Huduma ya namna hiyo mahali pa bure, jamani, mimi nimelipa hela sehemu nyingine nikaangaliwa kama mwizi.

Sasa nendeni DeBruce, hapa msikimbie. Karatasi ni mbili tu, zimechapwa kwa mashine ya taipu, sheria 13, Desemba 1891, kule Springfield, Massachusetts, Naismith alikoutunga mchezo ili wanafunzi wake wapate cha kucheza ndani wakati wa baridi. Familia ya Booth ilizinunua kwenye mnada New York mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 4.3 ili zije zikae Lawrence. Mwanga ni hafifu kwa ajili ya kuzitunza, kwa hiyo mpe jicho muda lizoee. Zisome zote. Mechi ni vipande viwili vya dakika 15. Mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira, anarusha kutoka pale alipoudakia. Na ukitafuta neno kuhusu kudunda mpira hulioni, halipo! Kikapu cha kwanza hakikuwa na kudunda, watu waligundua wenyewe ujanja wa kuuachia mpira na kuuokota tena.

Na hapa ndo unamuona Allen vizuri. Mwaka 1927 wakubwa wa kamati ya sheria walitaka kudunda kupunguzwe kuwe mara moja tu, unadunda moja halafu basi. Allen akapiga makelele, akakusanya makocha wenzake nchi nzima, na kutokana na huo ugomvi kikazaliwa chama cha makocha wa kikapu, National Association of Basketball Coaches, ambacho kipo mpaka leo, na pendekezo likafutwa. Kila ukimuona mtu anakatiza uwanja mzima na mpira mkononi, anadunda kushoto kulia, kumbuka kuna mzee wa Kansas alikataa. Chama hichohicho ndo kikaja kuandaa mashindano ya kwanza ya taifa ya vyuo 1939, haya ambayo sasa hivi mwezi wa tatu watu hawalali. Na ni Allen huyuhuyu aliyehangaika miaka mingi kikapu kiingie Olimpiki mpaka kikaingia Berlin 1936, Naismith akiwa hai na akiwepo, ingawa fainali ilichezwa nje kwenye mvua na tope, Marekani 19 Canada 8, hamna aliyeweza kudunda kitu siku hiyo.

Sio kwamba kila alilosema lilikuwa sawa. Alitaka ringi ipandishwe kutoka futi 10 mpaka futi 12, akalipigia kelele miaka mingi na hamna aliyemsikiliza, na mimi naona afadhali hawakumsikiliza.

Uwanja wenyewe sasa. Siku tuliyoenda hapakuwa na mechi na mlango ulikuwa wazi, tukaingia tukakaa kwenye viti juu kabisa. Kimya. Ulifunguliwa tarehe 1 Machi 1955, wakaifunga Kansas State 77 kwa 67, ukapewa jina la Allen akiwa bado ndo kocha anayekaa kwenye benchi, sakafu ikapewa jina la James Naismith, unaingiza zaidi ya watu elfu 15. Zamani sehemu hii ilikuwa na njia ya kukimbilia riadha kuzunguka uwanja wa kikapu, ndo maana inaitwa fieldhouse, jengo la michezo yote kipindi cha baridi. Juu kuna lile bango maarufu linalowaonya wote wanaoingia wajihadhari na Phog. La kwanza lilitengenezwa 1988 na wanafunzi kwa mapazia ya bafuni ya bweni. Mimi nimeenda viwanja vikubwa vipya vyenye skrini kubwa kama nyumba lakini kukaa pale peke yenu wawili na mabenchi yale ni kitu kingine.

Tulikaa karibu saa nzima, nikamhesabia mpwa wangu kwa vidole. Ushindi 590 akiwa na Kansas, 746 ukijumlisha na vyuo vingine, ubingwa wa kanda mara 24, ubingwa wa taifa wa vyuo (NCAA) 1952 wakiifunga St. John's 80 kwa 63 kule Seattle, Clyde Lovellette akiweka pointi 33, halafu wachezaji 7 wa timu hiyo wakaenda Olimpiki ya Helsinki mwaka huohuo, Allen akiwa kocha msaidizi, wakarudi na dhahabu. Mwaka uliofuata wakafika fainali tena wakapoteza kwa pointi moja, Indiana 69, Kansas 68. Lakini nilitaka ajue habari za wanafunzi wake zaidi. Adolph Rupp alikaa kwenye benchi la Allen miaka ya ishirini, akaenda Kentucky akashinda mechi 876. Dean Smith alikuwa kwenye kikosi cha 1952, wala hakuwa nyota, akaenda North Carolina akashinda 879. Wote wawili wakampita mwalimu wao. Na huyo Dean Smith, kabla dunia haijamjua, alikuwa anafundisha timu ya besiboli na timu ya gofu kwenye chuo cha jeshi la anga.

Kijana akauliza sasa kwa nini siku hizi hamna makocha wa hivyo. Swali zuri. Enzi zile idara ya michezo ya chuo ilikuwa watu wachache, hela kidogo, misimu haigongani, futiboli inaisha kikapu kinaanza, kikapu kinaisha besiboli inaanza, kwa hiyo chuo kinaajiri mtu mmoja kinamtumia mwaka mzima. Haikuwa Kansas tu. Amos Alonzo Stagg kule Chicago alianza 1892 akafundisha futiboli miaka 41, na humohumo akafundisha besiboli, riadha na hata kikapu, na yumo kwenye kumbi za heshima za futiboli ya vyuo na za kikapu zote mbili, kikapu aliingizwa 1959 pamoja na Allen na Naismith. Halafu ikaja televisheni, zikaja hela, kutafuta wachezaji kukawa kazi ya mwaka mzima, kocha wa kikapu mwezi wa saba yuko barabarani anaangalia vijana wa sekondari, atapata wapi muda wa besiboli. Naelewa kabisa kwa nini makocha walibadilika. Ninachokataa ni kumlazimisha mtoto wa miaka 16 abadilike kwa sababu hizohizo, wakati yeye hana mkataba wa televisheni.

Na kuna Wilt. Allen alimsaka Wilt Chamberlain kutoka Philadelphia mpaka akampata 1955. Wakati ule sheria ilikuwa mwaka wa kwanza huchezi timu kubwa, ila timu ya wa mwaka wa kwanza ikacheza na timu kubwa ya chuo, Wilt akaweka 42 na watoto wakawafunga wakubwa 81 kwa 71, humohumo Allen Fieldhouse tulimokaa. Allen akatimiza miaka 70, sheria inasema ukifika 70 unastaafu, akaomba aongezewe muda amfundishe Wilt, wakakataa. Msimu wa 1956 ukaisha akaondoka. Hakuwahi kumfundisha kwenye mechi hata moja ya timu kubwa. Mwaka 1957 Kansas ikafika fainali na Wilt ikafungwa na North Carolina 54 kwa 53 baada ya nyongeza tatu, na mimi kila nikifikiria huwa najiuliza yule mzee alikuwa wapi usiku ule na alikuwa anajisikiaje. Miaka karibu 40 unajenga nyumba, mgeni uliyemsubiri maisha yote anabisha hodi, unaambiwa toka.

Mpwa wangu hakushika habari ya kustaafu, yeye alishika kingine. "Wilt naye si alikuwa anaruka juu?" Nikamwambia ndio, pale Kansas Wilt alikuwa kwenye timu ya riadha, anaruka juu. Akacheka peke yake. Akatoa simu akaanza kutafuta picha.

Mkiwa na gari na muda, malizieni makaburini. Allen amezikwa Oak Hill, alifariki 1974, na Naismith yuko Memorial Park, ni karibukaribu tu, mashariki ya mji. Mwalimu aliyesema hakifundishwi na mwanafunzi aliyekifundisha miaka 50. Tulifika jua linazama, tukakaa kidogo tukaondoka.

Kwa hiyo: Booth Hall na DeBruce nyota 5, ningekuwa na 6 ningeweka. Mtembezaji wa kulipia nyota 2, hizo mbili ni za gari safi na kufika kwa wakati, msitoe hela, tembeeni wenyewe, anzeni uwanja wa futiboli kisha mshuke. Angalieni masaa ya kufungua kabla hamjatoka, na siku ya mechi ya kikapu msijaribu kwenda kutembea mchana, foleni na parking ni balaa. DeBruce kuna sehemu ya kula. Tengeni angalau masaa manne, mkiwa na kijana anayesoma kila kibao kama wangu tengeni sita.

Kuhusu yule mwalimu wa mazoezi, kijana bado hajampa jibu, na mimi sijamuuliza tena. Ila njiani kurudi aliniomba nimtafutie tarehe za Kansas Relays, huwa ni mwezi wa nne, siku hizi yanafanyika Rock Chalk Park hapohapo Lawrence, anataka kwenda kuangalia wanaoruka juu. Nimeshaomba ruhusa kazini.